Idi Mbili, Jumapili Moja

Jumamosi mchana, soko la Woolwich, London, likiwa limepamba moto, wazee wa kijiwe walikuwa wamelibana benchi nje ya duka la simu la Jaspal. Talib, aitwaye Profesa kwa kuwa anajua kila kitu isipokuwa kunyamaza, ndiye mwenye chupa ya kahawa. Mansour ni Treni, maana akianza maneno hana kituo. Serge, Mkongomani asiyevua suti, ni Waziri. Siku hiyo Harith, meneja wa nyumba ya kutunzia wazee, alikuja uso umemshuka. Célestine, Mkongomani, mhudumu wake bora kuliko wote, alikuwa ametoa notisi ya kuacha kazi, na Jumatatu Harith alitakiwa apeleke kwa wakubwa mpango wa saa za kazi zinazowafaa watu, wasizidi kukimbia.

— Lakini mpango ninao, alisema Harith. Waislamu tunashika zamu za Jumapili, Wakongomani wanatushikia za Idi. Sasa wanakimbia nini?

— Idi ipi, bwana? akauliza Treni. Si tulikula mbili?

Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Nusu ya wafanyakazi Waislamu walifuata mwezi wa Saudia wakasali Ijumaa. Nusu wakangoja mwezi wao wakasali Jumamosi. Célestine akawashikia wote. Jumapili, zamu ya Waislamu, mmoja akapiga simu kwamba tumbo linamkata. Harith akampigia nani? Célestine yule yule.

— Tumbo la biriani hilo! alisema Profesa. Dawa yake flexible. Kila mtu ajichagulie saa. Wiki nzima aimalize kwa siku tatu, zilizobaki alale.

— Siku tatu za nini? Treni alidakia. Work from home! Watu wa benki wote wako majumbani na kanzu zao.

— Na bibi wa miaka tisini utamuogesha kwenye Zoom? akauliza Profesa.

— Basi kila mhudumu amchukue mzee wake akae naye kwake. Ale ugali, achangamke. Ile nyumba ifungwe!

Walicheka. Harith hakucheka.

— Wewe mbembeleze tu, akasema Profesa. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

— Kamba gani? Waziri alikuwa amekasirika. Iyo kamba ilisha mukata Célestine! Ile Jumapili binti yake alibatizwa. Miye nilikuwako. Mutoto aliingia mu maji anaangalia mulango, anatafuta mama yake.

Harith hakuwa na habari. Kwenye simu Célestine alisema tu, "Sawa, chef," yaani bosi, na yeye akashukuru, akakata. Sasa aliona aibu, akakiweka kikombe chini kikiwa kimejaa.

Hayat, binti wa Profesa, alikuwa amefika kumchukua babake, akayasikia hayo ya mwisho. Kazaliwa hapa hapa London. Kiswahili anakielewa chote, kukisema anachanganya.

— Sorry, Uncle Harith, aliuliza. Ile Sunday, wewe ulikuwa wapi?

Profesa akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Jumapili ile Harith alikuwa hapa hapa benchini, na Profesa na Treni walikuwa naye.

Harith akainuka, akapiga simu.

— Célestine, kesho hata akikosekana mtu, zamu naishika mimi. Wewe nenda kanisani.



— Merci, chef, akashukuru Célestine. Lakini mutoto alisha batizwa.