Jina Nililopaza Mara Tatu

Wapendwa, nitazameni vizuri kabla sijaanza, maana nikimaliza mtaniona mjinga. Wamama wa kwaya, ninyi mshaanza kucheka. Sawa.

Mnajua kazi yangu, nahudumia wazee kule Gaithersburg. Shule yangu iliishia darasa la sita kule kambi ya wakimbizi, lakini gitaa nalijua. Mzee mmoja Mmarekani alikuwa na gitaa chumbani. Nikishamwogesha, ananifundisha kipande alichotunga ujanani. Rokabili, muziki wao wa kizamani, gitaa linaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Hakuna kuimba. Dakika mbili, kwisha.

Halafu kiharusi kikampiga. Mkono wa kushoto ukalala, mdomo ukafunga.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi nikafanya nini? Nikarekodi kile kipande, nikakituma redioni kama changu. Na sisi watu wa Kongo, gitaa likinoga lazima utupe jina, yaani umtaje mtu kwa sauti juu ya muziki. Pale katikati nikapaza jina langu mara tatu.

Wiki ya kwanza, chati ya redio, nafasi ya tisa. Mkanipigia makofi hapa hapa. Papa Pasta akaniombea, nikafumba macho kama malaika. Wiki ya pili, nafasi ya nne.

Wiki ya tatu namlisha mzee uji. Binti yake kakaa pembeni, redio inaongea. Kipande kikaanza. Mzee akaacha kumeza. Kijiko changu kiko hewani.

Binti akasema, "Hii baba alikuwa anaipiga nikiwa mtoto."

Jina langu likapita. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Jamani, moja isingetosha?

Akasoma kitambulisho kifuani kwangu. "Huyo ni wewe?"

Mtangazaji naye hana huruma: "Wiki hii, nafasi ya kwanza."

Ningesema majina yanafanana. Mdomo ulishafunguka niseme. Lakini mzee ananitazama, na hana sauti ya kunishtaki. Nikaweka kijiko chini.

"Ni mimi. Lakini kipande ni cha baba yako. Nimemwibia."

Akatoka kumwita bosi. Nikabaki na mzee, nikamalizia kumlisha, maana uji ulikuwa unapoa. Nusu imeenda kwenye shati lake.

Bosi alinisimamisha wiki mbili. Nikaenda redioni kusema ukweli. Wakaandika jina la mzee, wakalitaja hewani. Ile nafasi ya kwanza ikawa yake.

Namshukuru yule binti, ndiye aliyemwomba bosi anirudishe. Namshukuru mama mmoja hapa, anajijua, aliyeniendesha mpaka redioni bila kunisema njia nzima. Mama, bora ungenisema. Na vijana wenzangu, kama una kitu cha mtu, kirudishe wakati bado anaweza kukutazama usoni.

Mwezi uliopita namvalisha mzee soksi, nikasikia anahangaika na neno. Nikadhani anataka maji, nikainama.

Akasema, "Ulikipiga haraka. Leta gitaa."