Kiporo cha Kiberege na Hangaiko la Levina

Krr, krr, krr. Kijiko kinakwangua ukoko gizani. Ni alfajiri, umeme umekatika, na mama anamkusanyia mtoto kiporo cha wali kabla ya shule. Sauti hiyo wasikilizaji wapendwa mnaijua. Nyumbani kwangu ipo. Levina Raimundi akiisikia alikuwa anauliza swali moja tu: "Hicho kimelala wapi?"

Levina ametutoka Jumanne, nyumbani kwake Viwanja Sitini, hapa Ifakara. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alikuwa mtaalamu wa maabara. Narudia, wa maabara, maana wengi mlimwita nesi na kumsimamisha njiani mkamwonyesha majipu.

Turudi mwaka 1993, Kiberege. Ilikuwa sherehe ya komunyo ya kwanza. Mpishi ni Mama Balbina. Wali ukapikwa Jumamosi jioni, ukafunikwa kwenye masufuria makubwa, ukaliwa Jumapili mchana. Watu thelathini na mmoja walitapika. Wote walipona, namshukuru Mungu. Lakini jioni ile ile Balbina akapewa jina: mtia sumu.

Jumatatu Levina akafika na makopo yake. Masufuria yalikuwa yameshasuguliwa kwa majivu, eti kuondoa sumu. Akasema basi, nipeni kiporo mlichobeba majumbani. Siku tatu alipita mlango kwa mlango. Kila nyumba ilikataa kumpa mgeni kiporo. Mgeni atawaonaje! Wakampikia wali mpya.

Mumewe, Bwana Beno, ananisimulia: "Alirudi na makopo tisa. Wali wa moto, mmoja una paja la kuku juu. Akaniambia, kula wewe, Beno, mimi hawa watu wamenishinda. Viatu akavirusha ukutani."

Siku ya tatu akakaa chini barabarani, kitenge kikajaa vumbi. Ndipo akaja Masalu, mke wa Shilinde mfugaji, na bakuli lililofunikwa.

"Dada, usinicheke. Huu ni wa sherehe. Nilimwekea mbwa, naye kaukataa."

"Mbwa wako ana akili kutuzidi wote," Levina akasema, akalikumbatia bakuli.

Akachukua wali ule. Akachukua na udongo wa shamba ulikotoka mpunga wa sherehe. Bakteria akawaotesha maabara, kisha sampuli zikasafirishwa mbali, kwenye mashine za kusoma jeni, ambazo kwetu hazikuwepo. Tukasubiri miaka miwili. Miaka miwili, wasikilizaji, na Balbina hauzi hata andazi.

Jibu likaja 1995. Bakteria wa kwenye wali na bakteria wa kwenye udongo walikuwa ukoo mmoja. Jeni zao zilifanana mstari kwa mstari. Mdudu huyu anaishi shambani, anakuja na punje mpaka jikoni, na mbegu yake haifi kwa kuchemshwa. Wali ukilala na uvuguvugu, anaamka, anazaana, anaacha sumu. Hakuna mkono wa mtu hapo.

Levina akawasomea watu wa Kiberege barua ya majibu uwanjani, mbele ya kanisa. Akainuka Mzee Anselim, mwenyekiti wa kamati ya sherehe.

"Kumbe! Balbina alichota udongo shambani akautia sufuriani!"

Watu wakapiga makofi. Makofi, jamani!

"Shikamoo, Mzee Anselim," Levina akasema. "Balbina alitaka kupika Jumapili asubuhi. Nani alimwamuru apike Jumamosi?"

Mzee akageukia kanisani, Levina akaendelea.

"Si kamati yako, ili wapishi nao wawahi misa?"

"Binti, ya maabara yaache maabara."

Kila mavuno alirudi Kiberege kueleza upya. Binti yake Eveline anasema, "Mama hakuchoka na bakteria. Alichoshwa na watu wazima." Nami nakiri nimechoka kwa niaba yake. Lakini nina mtoto mdogo, siwezi kukata tamaa.

Bwana Beno, Eveline, na ukoo mzima, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nanyi mnaonisikiliza, tafadhali, pikeni kinachoisha, na msiache wali ulale kwenye joto. Kisha mjiulize: ni nani mnayemkwepa mpaka leo, na ushahidi mlishausikia kwa masikio yenu?

Alhamisi tulimzika. Balbina alifika kutoka Kiberege na sufuria ya wali alioupika hapo hapo uani, tukimwona, mvuke unafuka. Akasimama na upawa. Watu wazima wakaanza: mimi nimeshiba, mimi nina vidonda vya tumbo, mimi nasubiri gari. Wengine waliangalia viatu vyao. Upawa wa Balbina ukaanza kushuka.

Rosemery, mjukuu wa marehemu, wa miaka sita, akapenya katikati ya magoti yetu na sahani yake ya bati.

"Bibi Balbina, mimi nina njaa."