Maisha ya Himid Ame Pandu na Ukoga Wake

Bismillahi. Tumekutana hapa Wesha kumsomea hitma ndugu yetu Himid, na siku hizi imekuwa desturi kabla ya dua kusomwa karatasi ya maisha ya marehemu. Hii nimeiandika mimi, Mwatima Ame, dada yake mkubwa. Anaisoma mwanawe Haitham, kwa sababu ningeisoma mwenyewe isingefika mwisho. Kila Haitham atakaposema "mimi", mjue ni mimi niliyekaa huku ndani na wanawake wenzangu.

Himid alizaliwa Wingwi tarehe 3 Machi 1971, mtoto wa tano wa Mzee Ame Pandu na Bi Bimkubwa Jecha. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na mgongo wangu ndio uliokuwa kitanda chake mpaka alipojua kutembea. Alikuwa mtoto mkimya, akipenda kukikodolea macho kitu kimoja kwa muda mrefu. Siku moja mama alimtuma kisimani asubuhi, akarudi adhuhuri na ndoo imejaa viluwiluwi, akaomba maji yale yasinywewe wala yasimwagwe. Mama alimtia bakora mbili. Viluwiluwi vilikaa uani kwetu mpaka vikawa vyura, vikatukosesha usingizi nyumba nzima.

Alisoma skuli ya msingi pale pale Wingwi na chuoni kwa Shehe Mbarouk, kisha sekondari Chake Chake, akamaliza mwaka 1989. Alama zake za biolojia zilimfurahisha kila mtu, na za masomo mengine tulikubaliana kutozitaja. Leo pia sitazitaja.

Mwaka 1991 alipata kazi ya kupima na kuandikisha samaki wanaoshushwa hapa bandarini Wesha. Tarehe 14 Agosti 1997 alimuoa Bi Rahila Zubeir wa Mtambile, na Mungu akawajaalia Haitham na Khairat. Mwaka 1999 alikwenda Maskati kutafuta maisha kama wengi wetu. Alianza kwa kusugua vioo vya tangi kubwa la samaki katika jengo moja la maduka. Aliporudi nyumbani mwaka 2014, alikuwa ndiye msimamizi wa maji ya tangi lile, na watu wakimwita mhandisi.

Hakurudi na gari. Alirudi na vioo, pampu na mabomba, akaunda tangi la matumbawe katika chumba cha mbele cha nyumba hii. Watu walimcheka sana, mimi wa kwanza wao. Bahari unaiona mlangoni, nilimwambia, na wewe umekwenda kuifungia ndani. Alinijibu kuwa watoto wa kwetu Wingwi wanakua mpaka wanaolewa hawajapata kuona tumbawe lililo hai, wanajua lile la kujengea tu. Basi wakawa wanaletwa na walimu wao, darasa zima, na yeye akiwaeleza mmoja mmoja bila kuchoka.

Kilichokuwa kikiwashangaza zaidi ya samaki ni chombo kilichosimama pembeni ya tangi, mrija mnene wa plastiki unaopenya mwanga, urefu wake kama mkono. Ndani mna punje nyeupe, na maji yanayopanda kutoka chini huzichezesha kama wali unaotokota. Himid akikiita chungu chake. Samaki wakila na kunya, alisema, maji yanabaki na uchafu usioonekana, nitrati na fosfeti, na ukizidi, mwani unayafunika matumbawe mpaka yafe. Zile punje ni chakula cha bakteria. Bakteria wakizigandia na kuzila, wanakula na ule uchafu, kisha wanaobanduka wanachukuliwa na mashine ya povu na kutupwa nje. Ajabu yake, alisema, ni kusafisha maji kwa kufuga kitu ambacho mtu mwengine angekiita uchafu. Mimi nilimsikia akilisema hilo mara nyingi. Kusikia na kuelewa ni vitu viwili.

Mwaka 2017, alipokitia chungu maji mara ya kwanza, pampu ilikuwa dhaifu. Punje zikashikana zikawa bonge, na nyumba ikanuka mayai viza. Bi Rahila alifunga nguo zake akenda kwao Mtambile, akaacha ujumbe kuwa atarudi bahari ikishaoga. Alirudi baada ya wiki moja, na Himid alimpokea na ubani umefukizwa vyumba vyote.

Mwaka 2024 kulipokuwa na lile joto la bahari, matumbawe ya huko nje yalikuwa yakigeuka meupe, na Himid aliona kama anafiwa. Alichukua vipande kumi na kimoja vilivyokuwa bado na uhai, akavipanda tangini, akaapa kuvirudisha mwenyewe alikovitoa baada ya Idi ya mwaka unaofuata. Lakini figo zake zilikwisha kuharibika. Tarehe 18 Novemba mwaka ule yeye na Bi Rahila walihamia Unguja kwa Khairat, ili awe karibu na mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki. Mimi mjane sikuwa na kinachonizuia, nikaja kukaa hapa niangalie nyumba na tangi.

Aliniachia karatasi, akaitundika msumarini. Ilieleza chakula cha samaki, na maji ya kuongeza, na ilikuwa na mstari mmoja alioupigia mstari chini: "Utando usiondolewe kabisa." Niliisoma vizuri, maana na mimi kusoma najua. Katika maisha yangu utando ni wa buibui. Nikatazama juu, na kweli kwenye pembe ya dari, juu ya tangi, palikuwa na utando mkubwa. Nikasema huyu ndugu yangu ana mambo yake, labda yule buibui anakamata mbu. Kwa miezi minne nikauacha, nikiona haya kila akiingia mgeni.

Ikafika Ramadhani mwaka huu, na habari kuwa daktari amemruhusu Himid kuja kula Idi nyumbani. Nilifurahi nisijue pa kuiweka furaha. Tarehe 27 Machi nilisafisha nyumba nzima, na nilipofika kwenye chungu chake nikaona punje zimevaa ukoga, zinateleza kama bamia. Mwanamke wa kwetu akikutwa na ukoga mtungini kwake anasemwa mpaka anazikwa. Nikazitoa punje, nikazikosha kwa maji ya moto na ndimu mpaka zikang'ara. Nikaongeza na pakiti nzima ya mpya, kikajaa. Niliona nimemtendea hisani.

Alipoingia tarehe 30, maji yalikuwa yameanza kuwa meupe kama tui, na samaki wanapumulia juu. Alitia kidole ndani ya chungu. Kisha akauliza:

"Dada, hichi umekikosha?"

"Nshakikosha. Kilikuwa na ukoga, hata haya nliona."

Akaitazama karatasi yake msumarini. Akatazama pembe ya dari, nyumba imemetameta yote na utando wa buibui unaning'inia. Akacheka kidogo, yule ndugu yangu, macho yamelowa.

"Ahsante, dada," alisema. "Kimeng'ara."

Idi yote aliimaliza kwa ndoo, akibadilisha maji na miguu yake imevimba. Alitoa karibu punje zote, akaacha chache zianze upya. Vipande kumi vilikufa. Waliokuja kumpa mkono wa Idi waliuliza kulikoni, na kila mmoja aliambiwa umeme ulikatika. Mimi nilikuwepo nikimimina kahawa. Niliusikia uongo ule unaonifunika, nikaendelea kumimina. Na siku za mbele nikawa na mimi naulaani umeme.

Alirudi Unguja. Kila siku alinipigia simu kuniuliza presha yangu, na tangi hakulitaja. Nilijua kuwa kosa ni langu, ila sikujua ni lipi hasa. Nilitaka kumuomba radhi uso kwa uso, nikingoja apate nafuu arudi. Himid alifariki Jumanne, tarehe 7 Oktoba 2025, katikati ya Mfunguo Saba, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka hamsini na minne. Alizikwa siku hiyo hiyo Wingwi, baada ya Laasiri. Radhi yangu ninayo bado mkononi.

Juzi Haitham aliishusha ile karatasi ili ajue namna ya kulisha samaki. Nilikuwa sijaitazama tangu Idi. Neno "utando" lilikuwa limekatwa kwa kalamu, na juu yake, kwa mwandiko wa Himid, pameandikwa "ukoga". Pembeni ameongeza: "Neno nilikosea mimi. Dada hana kosa." Haitham akaniuliza, "Shangazi, kosa gani?" Ndipo nikamwambia, na leo nawaambieni nyote. Umeme haukukatika. Ni mimi, na yeye alilijua hilo, akaondoka nalo.

Marehemu ameacha mke, Bi Rahila, watoto wake Haitham na Khairat, mimi dada yake, na kipande kimoja cha tumbawe, ukubwa wa kidole gumba, ambacho Haitham atakirudisha baharini kikishapata nguvu. Mola amkunjulie kaburi lake na ampokee kwa upole ule ule aliotupokelea sisi.

Na kwa mtakaobaki kutusaidia vyombo baada ya chakula, nina ombi moja. Chumba cha mbele mna chungu cha plastiki chenye punje zinazocheza, na zimekwisha kuota ukoga tena. Nawaomba sana, msikikoshe.