Mama Pélagie Kavira na Michoro Sitini na Mmoja

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Mama Pélagie Kavira anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya usanifu, Mvule na Nuru ya hapa Kibuli, kwa miaka ishirini na sita. Watu wengi wa Kampala wamekalia viti vyake na kusoma kwa taa zake. Wachache mno wanajua ni vyake.

Alizaliwa Butembo, mashariki mwa Kongo, akafika hapa mwaka 1998 na watoto wawili. Februari iliyofuata, Hajji Zubairi, mwanzilishi wa ofisi, alimwajiri kupiga msasa. Haikupita miezi mitatu Mama akamwambia fundi mkuu kwamba mgongo wa kiti chake umesimama mno. Fundi mkuu alinuna wiki nzima, kisha akaulaza mgongo ule kidogo, akakikalia kiti. Hajji alimhamishia Mama chumba cha michoro.

Mle ndani tulikuwa na majarida ya wasanifu wa Ulaya na Japani. Sisi wengine tulitazama picha. Mama Pélagie alisoma pia jina la mbunifu chini ya kila kiti na kila taa, kwa sauti, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Tulimcheka sana.

Yeye ndiye aliyeleta desturi yetu kwamba kiti kipya hakitoki karakana mpaka Ogwal, askari wa lango, akikalie siku nzima. Ogwal ni mrefu kama mlingoti na hajui kubembeleza. Msanifu mmoja kijana alirudi kutoka masomoni na kiti cha kupendeza kweli kweli, tukakipiga picha kila upande. Jioni Ogwal alitoa hukumu: “Mama, hii kiti ni ya kuangalia tu. Mugongo yangu imekufa.” Kijana alirudi mezani kuchora upya. Mpaka leo tunamtania Ogwal kuwa ndiye mfanyakazi pekee anayelipwa kwa kukaa.

Lakini sifa kubwa ya Mama ilitokana na kosa. Mwaka 2004 tulitengeneza, kwa mchoro wa Mama, meza arobaini na nane za maktaba ya chuo kimoja upande wa Kyambogo, kila moja na taa iliyofungwa kushoto. Zilikwisha kufungwa, Hajji amekwisha kuzikubali, ufunguzi ukiwa umebaki siku nne. Mama akaenda kukaa na wanafunzi waliokuwa wakizijaribu, maana alikuwa hajaridhika. Akamwona binti aitwaye Atim, anayeandika kwa mkono wa kushoto, amejipinda kiuno kizima kwa sababu kivuli cha mkono wake kilifunika kila neno aliloandika. Sote tulikuwa tumezijaribu meza zile. Hakuna aliyefikiria mkono wa kushoto, kwa kuwa chumba kizima tulikuwa wa kulia.

Mama alirudi akataka taa zote ziondolewe. Hajji alifoka. Mkataba wa Mama ulikuwa wa muda, hati zake za ukimbizi bado zilikuwa zikishughulikiwa, na watoto walikuwa shuleni. Hajji alipouliza nani atakieleza chuo aibu hiyo, Mama alijibu kwa sauti ya chini: “Ni miye nilikosa, Hajji. Barua nitaandika miye.” Akaiandika, akaipeleka kwa miguu yake. Ufunguzi uliahirishwa wiki mbili, na ndani ya wiki hizo alibuni taa ya katikati ya meza yenye shingo inayogeuka kulia na kushoto. Chuo kiliipenda, na Hajji akampa mkataba wa kudumu.

Leo Taa ya Shingo imeigwa na mafundi wa kila mtaa, hadi Kasubi. Mama hajawahi kumshtaki mtu. Akiona iliyoigwa vibaya husimama, huomba bisibisi, na humwonyesha fundi namna ya kukaza shingo isilegee.

Sasa nifike ninapoona haya. Mimi Khaemba ndiye mtunza michoro. Nilipopekua majalada ili niandike wasifu huu, nilikuta michoro sitini na mmoja ya Mama Pélagie, yote ina muhuri wa ofisi, hakuna hata mmoja wenye jina lake. Karatasi pekee yenye jina lake ni ile barua ya kukiri kosa. Utaratibu ulikuwa hivyo, naam, lakini muhuri niliugonga mimi, kwa mkono wangu. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, nami nachutama. Utusamehe, Mama.

Nilipeleka jambo hili kwa uongozi, ukakubali siku hiyohiyo: kila mchoro uandikwe jina la aliyeubuni, kuanzia na michoro yako. Asante kwa ustadi wako, kwa ukali wako, na kwa kutufundisha kukaa kabla ya kusifu. Tunakuombea afya, wajukuu wasiokupa nafasi ya kuchoka, na mapumziko matamu kwenye kiti ulichokipima mwenyewe.

Michoro sitini nimekwisha kuiandika jina. Ule wa Taa ya Shingo nimeuacha. Utaukuta mezani ukumbini Ijumaa, na kalamu kando yake. Andika mwenyewe, Mama, na uandike kwa herufi kubwa.