Merrin Tolhurst, Mshika Ufunguo wa Ghala la Esk

Marehemu Merrin Joan Tolhurst alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 mjini Burnie, Tasmania, mtoto wa pili wa Mzee Alban Pybus, fundi wa kiwanda cha karatasi, na Bi Nola. Alisoma Burnie hadi sekondari, kisha akahitimu hisabati chuo kikuu, Hobart, mwaka 1979.

Aliajiriwa Launceston kupima kina cha mito. Mwaka 1996, pamoja na wenzake wanne, alianzisha Ghala la Esk, hazina ya programu za bure mtandaoni ambayo leo inategemewa na zahanati, shule na vituo vya tahadhari ya mafuriko. Kwa miaka ishirini na saba alifuta programu zilizopitwa na wakati, akaziba nyufa na kuweka matoleo mapya, bila ujira. Ghala lilikuwa mali ya watu wote, na mali ya watu wote haikosi wa kuinyemelea. Kwa hiyo hakuna programu iliyoingia kabla hajaisoma mstari kwa mstari, wala mtu aliyepewa ufunguo, yaani nywila ya kubadilisha chochote ghalani, kabla hajaketi naye ana kwa ana na kuona kitambulisho chake.

Alifunga ndoa na Ewart Tolhurst tarehe 6 Oktoba 1984, huko Deloraine. Hata nyumbani alikagua kila kitu: mayai ya jirani aliyatumbukiza majini kwanza, aone kama ni viza.

"Na mimi ulinikagua?" Ewart alimuuliza siku moja.

"Bado naendelea, bwana wee. Kunywa chai."

Walijaliwa binti mmoja, Tamsin.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Ndipo akajitokeza mtandaoni mtu aliyejiita Callum Reave, mpole, mwepesi, akirekebisha kila hitilafu. Lorcan Duff, mtunzaji mwenzake, alimpigia simu.

"Merrin, unaumwa. Mpe kijana ufunguo upumzike."

"Kijana gani? Umemwona?"

"Kazi yake haina doa."

"Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Hata mimi nina madoa."

Alimwalika Reave nyumbani mara tatu. Kwanza ndege iliahirishwa, kisha mama yake aliugua, kisha kimya. Baada ya kila udhuru, zilimiminika barua pepe za watu wasiojulikana zikimwita kizee anayekwamisha kazi. Zilimuuma hadi akalia mbele ya Tamsin. Ufunguo hakutoa.

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi. Saa sita mchana, kabla familia haijamwarifu yeyote ila daktari, iliingia barua pepe ya Reave: pole nyingi, na ombi la ufunguo. Familia haijui alijuaje. Wale waliosema ugonjwa ulimtia Merrin wasiwasi wa bure wanaombwa walifikirie hilo.

Ameacha mume wake, Ewart. Binti yake, Tamsin. Kaka yake, Rowan. Na Jory, mtoto wa kaka huyo, aliyeandika maneno haya. Kwa wosia wa Merrin ufunguo anao Lorcan, na ghala halitapokea badiliko lolote hadi programu zote mia moja na kumi na mbili alizogusa Reave zisomwe upya. Walio tayari kusaidia wafike mezani kwa Lorcan baada ya mazishi, na vitambulisho vyao. Bwana Reave, kama umo miongoni mwetu, nawe karibu.

Apumzike sasa kwa amani ambayo hakujiruhusu akiwa hai.