Umeme Uliobaki Redioni

Mwamvita alijidai anatazama minazi, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele cha basi la Temeke.

"Waya nishachomoa; nikifika naifungua mwenyewe," alisema mzee aliyepakata redio mbovu.

"Mzee, umeme unabaki kwenye kondensa, kile kikopo cha ndani kinachoutunza," alijibu fundi aliyeketi naye. "Ukitoka kisimani, mtungi si bado una maji? Umwage umeme huo kwanza, gusanisha miguu ya kondensa kwa bisibisi."

"Umeme bila waya? Nani kakudanganya, mwanangu?"

Fundi aliigeukia redio. "Siku moja nilikuwa na haraka, natengeneza redio kama hii. Nikamwambia mdogo wangu, waya nishachomoa, shika tu. Tulimzika Alhamisi."

"Kazi ya Mungu hiyo."

"Hapana, mzee. Hiyo ilikuwa yangu."

Basi likasimama. Mzee akashuka, redio kaishika mbali na kifua.