Bafu la Mama Mkwe

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu, limeegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi Kihonda, pale lami inapoishia na vumbi kuanza. Mbao zake zilishawahi kumwagiwa zege, na saruji iliyoganda bado imo, ukikaa vibaya suruali inalia. Mzee Abdulatif huleta birika lake la kahawa na kashata zake saa kumi alasiri, na kabla kikombe cha kwanza hakijapoa, wenye benchi wameshatatua matatizo ya nchi tatu jirani. Ya kwao wenyewe ndiyo hayaishi. Jumamosi hiyo ajenda ilikuwa moja tu, na ilikuwa inaingia wiki ya tatu: bafu la mama mkwe wa Luqmani.

Luqmani ni dereva wa bajaji. Benchi lilimpa jina la Injinia tangu siku alipopanga kozi tatu za matofali kwa mkono wake, maana kuanzia hapo akawa hawezi kuongea bila kushika kiuno. Mama mkwe wake, Bi Mwaisha, aliteleza kwenye migomba yake kule Kinole akavunjika nyonga, katika mlima uleule aliopanda na kushuka tangu utoto. Sasa anaishi kwa binti yake Kihonda, kwenye kiti cha magurudumu. Bafu la zamani la uani lina ngazi mbili, halimfai. Luqmani akaamua kumjengea jingine ubavuni mwa chumba chake, la gharama ya mtu wa bajaji: sakafu ya niru, saruji iliyolainishwa, badala ya marumaru, bomba la mvua, chuma cha kushikia ukutani, basi. Kuta zimesimama, bati liko juu, fremu ya mlango imeshajengewa. Imebaki sakafu tu, na sakafu inamwagwa kesho.

Tabu ni kwamba jana Zuleha, mkewe Luqmani, alikuja na habari mbaya. Mama anaomba arudishwe Kinole Jumatatu. Kinole! Kule kiti cha magurudumu hakitembei hata hatua kumi. Luqmani alishindwa kumaliza ugali wake. Alijua tu, bibi wa watu amechoka kuogeshwa kwenye beseni chumbani kama mtoto wa arobaini, na hao wanaume wa kumjengea bafu ndio hao, wiki ya tatu wanakunywa kahawa.

— Jamani, leo tusitanie, akaanza Luqmani. Kesho lazima bafu liishe. Sakafu inakuwaje?

— Slopu, akajibu Laurenti, fundi mwenyewe. Slopu ya nguvu.

Laurenti wanamwita Pima Maji, kwa sababu hana. Chombo hicho cha kupimia usawa aliwahi kuwa nacho, kikaibiwa, na tangu hapo anatumia jicho.

— Maji yakigusa chini tu, yameshafika kwa jirani, akaendelea. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

— Hiyo si inakupinga wewe mwenyewe? akauliza Mzee Abdulatif huku akimimina.

— Inanipinga wapi? Maji yakiwa na haraka, uchafu unakosa baraka ya kubaki!

Nasibu, kijana mwenye karakana ya kuosha magari ng'ambo ya barabara, akatikisa kichwa.

— Oya, Pima Maji, slopu yote hiyo, halafu mtu amekaa juu ya magurudumu? Si ataondoka na maji mpaka kwa huyo jirani?

— Anafunga breki.

— Kiti kina breki?

Wote wakamgeukia Luqmani. Luqmani akapiga funda la kahawa ya moto, likamuunguza ulimi, akashukuru kwa kupata sababu ya kunyamaza.

— Kina... Si lazima kitakuwa nazo? Kiti cha hospitali kile!

Mzee Pazi akakohoa. Huyu ndiye Profesa wa benchi. Alikuwa mlinzi wa mlango wa ukumbi wa mihadhara kule Mzumbe miaka kumi na miwili, na anasema hakuna somo lililompita. Tofauti yake na wenye vyeti ni kwamba wenzake walikuwa wamekaa.

— Kitaalamu, akasema (na Profesa akisema kitaalamu, ujue hajui), tatizo lenu siyo sakafu. Tatizo ni uzito. Mtu akiwa hewani, sakafu ya nini?

— Hewani vipi, Profesa?

— Winchi ya cheni. Ile ya gereji, inayonyanyua injini za malori. Unaifunga kwenye kenchi za paa, unamvuta mama na kiti chake taratibu, anaoga akiwa juu, maji yanadondoka yenyewe. Hakuna slopu, hakuna utelezi.

— Kenchi zangu ni mbao za mbili kwa mbili! akalalamika Luqmani. Zinabeba bati kwa huruma tu.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Mama hawezi kuinama, Profesa! Ndiyo maana tunajenga!

— Basi ainame mwenye nyumba, akasema Profesa, akasogeza kikombe kiongezwe.

Nasibu alikuwa amevumilia vya kutosha. Akasimama kabisa.

— Wazee wangu, kwa heshima zote, mnajichosha bure. Hapa Kihonda nzima nani anaosha vitu vyenye magurudumu kila siku? Si mimi? Mashine ya presha! Anaingia mlango huu, anatokea mlango ule, dakika tatu, mpaka matairi yanang'aa.

— We Nasibu! Huyo ni mama mkwe wangu, siyo Noah!

— Noah naipaka na nta. Mama sitampaka.

Benchi zima likaangua kicheko, na Luqmani naye akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Halafu akaona haya. Akasema astaghfirullah kimoyomoyo, mara mbili, maana mkwe ni mkwe. Miaka kumi na mitano ya ndoa, yeye na Bi Mwaisha hawajawahi kuongea moja kwa moja zaidi ya salamu. Kwa kina Zuleha hiyo ndiyo heshima, na Luqmani aliipokea. Akipita uani alipo mama, anaangalia chini. Akiwa na neno, anamwambia Zuleha amwambie mama, hata kama mama yupo palepale anasikia. Ugali, hewala, mvua, hewala, lakini mambo ya kuoga! Huyo mtu mzima, mzaa mkewe, kisha jina lake na neno bafu vikae kwenye sentensi moja mdomoni mwa mkwe? Kijiweni aliweza. Nyumbani kwake, ulimi ulikuwa unagoma.

Ili kufuta aibu ile, akafanya jambo baya zaidi. Akatoa mfukoni kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji, alichokichora asubuhi akisubiri abiria.

— Msicheke. Badala ya mama kwenda bafuni, bafu liende kwa mama.

— Enhe!

— Hapa ni bajaji yangu. Juu ya paa tangi la lita mia. Hapa turubai, hapa bomba la mvua. Narudi kinyumenyume mpaka kitandani. Anaoga, naondoka na maji machafu yangu.

Pima Maji akaigeuza karatasi juu chini, akaona ni yaleyale.

— Bajaji inapita mlango wa chumbani?

— Tunavunja ukuta.

— Na moshi?

— Atakohoa kidogo.

— Mpanda ngazi hushuka, akasema Profesa kwa huzuni, na hakuna aliyeelewa ngazi ipi.

Hapo Luqmani akajisikia anavyoongea. Wiki tatu zilizopita alikuwa mtu mwenye akili zake, na mchoro wa mistari minne tu: sakafu, bomba, chuma, mlango. Leo amekaa hadharani anapanga kuingia na bajaji chumbani kwa mama mkwe. Akaikunja karatasi ikawa ndogo kabisa, akairudisha mfukoni.

Ndipo alipokuja dada mmoja. Anaitwa Hidaya, fundi cherehani, amehamia chumba cha pili kutoka dukani mwezi huu huu, na futi yake ya kupimia wateja ilikuwa bado inaning'inia shingoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, karibu.

— Naomba kashata mbili, babu.

Akapewa, akalipa, lakini hakuondoka. Akasimama anatafuna, anasikiliza slopu, winchi na presha vikipigwa upya, safari hii kwa sauti kubwa zaidi kwa kuwa kuna mgeni. Alipomaliza kashata ya kwanza, akafuta vidole.

— Samahani, baba zangu. Hicho kiti cha mama kina upana gani?

Ng'ambo ya barabara mashine ya Nasibu ilisikika ikinguruma peke yake.

— Ni cha kawaida, akasema Luqmani.

— Kawaida ni kiasi gani? Mimi nikimshonea mtu gauni la kawaida, kesho ananitupia usoni.

Wakamtazama Pima Maji. Pima Maji akainua mikono.

— Mimi nilipewa fremu niijengee, nikaijengea. Injinia kaja nayo mwenyewe, kaipata rahisi, imetoka kwenye choo cha nyumba iliyobomolewa huko mjini. Kiti sijawahi hata kukiona.

— Na wewe, kaka, hujawahi kukipima? Hidaya akamuuliza Luqmani, bila ubaya.

— Dada yangu, kiti kile hakijawahi kuwa kitupu. Kila nikikiona, mama yumo. Sasa nichukue futi kamba, nimwinamie mama mkwe wangu, nianze kumpima huku na huku?

Hakuna aliyecheka. Kila mwanaume pale alikuwa na mkwe wake kichwani.

— Hata mimi nisingeweza, akasema Profesa, na safari hii hakutanguliza kitaalamu.

— Sasa mkeo si anaweza? akasema Hidaya. Mpigie.

Jambo jepesi kama hilo! Wiki tatu! Luqmani alitamani saruji ya benchi ilainike immeze. Ukweli ni kwamba alishawahi kuliwaza, ila Injinia mzima amuulize mkewe kiti kina upana gani, baada ya kujenga kuta nne na paa? Akapiga. Simu yake sikio limekufa, haisikiki mpaka uweke spika, kwa hiyo benchi zima likasogea.

— Zuleha, chukua futi, pima kiti cha mama. Upana wake, gurudumu kwa gurudumu.

Zuleha hajajibu, ikasikika sauti nyingine, ya mbali kidogo, ya mtu mzima.

— Mwambie asisumbuke. Ni shibiri tatu na vidole viwili.

— Mama anasema shibiri tatu na vidole viwili, akasema Zuleha.

— Na mwambie ule mlango wake ni shibiri tatu kasoro vidole viwili.

Pima Maji akaangalia kiganja chake, akakunja vidole viwili, akaongeza viwili. Vinne. Akakirudisha kiganja mapajani polepole. Kiti hakiingii. Wiki tatu za slopu na breki na winchi, kwa bafu ambalo mwenyewe hawezi kupita mlangoni.

— Muulize mama alijua lini, akasema Luqmani.

Kukawa na minong'ono, kisha Zuleha akarudi. Hakujua kwamba watu wanne na fundi cherehani wamemzunguka mumewe.

— Anasema siku ile ile ulipoileta fremu. Si uliiegemeza chini ya dirisha lake? Alinyoosha mkono akaipima kwa shibiri.

— Sasa kwa nini hakusema?

— Luqmani, angesemaje? Mama mkwe aanze kumwelekeza mkwe namna ya kumwogesha? Zuleha akashusha sauti. Na anasema ulivyoifurahia ile fremu, ukaipiga msasa kutwa nzima unaimba, alishindwa. Ndiyo maana anataka kurudi Kinole Jumatatu. Hakuchoka na sisi. Hataki iwe siku ya kufungua bafu, watu wamejaa, kiti kigome mlangoni, wewe uaibike kwa ajili yake.

Nasibu akaangalia pembeni. Mzee Abdulatif, ambaye hajawahi kuacha kumimina tangu benchi lianze, aliacha kumimina. Luqmani alihisi machozi yanakuja na hakuyazuia. Alikuwa amemwona yule mama ndiye wa kuhurumiwa, kumbe muda wote yeye ndiye aliyekuwa anahurumiwa, na mtu asiyeweza hata kusimama.

— Mpe simu mama, akasema.

— Nimpe mama? Wewe?

— Mpe, Zuleha.

Simu ikakwaruza, ikahama mkono. Luqmani akajikuta amesimama, macho chini, kama vile mama yuko mbele yake pale vumbini.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu.

— Mama... Mama, mlango unautaka shibiri ngapi?

Nasibu akachungulia kioo cha simu kuona kama salio limekwisha.

— Nne, baba, ikasema sauti. Nne zitanitosha.

— Haya, mama. Leo leo.

Akakata. Alipogeuka, Pima Maji alikuwa ameshaingia dukani kuazima nyundo na tindo za kung'olea fremu, na Profesa anahangaika kuvaa viatu vyake ili asiachwe.